Mama Anasema Tukija Kisumu Tulale Kwingine

BARUA

Mpendwa mshauri,

Salamu kutoka Nakuru. Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu, na nina kibanda cha kushona sare za shule. Likizo ya Agosti inakaribia na nina jambo ambalo siwezi kumweleza mtu hapa bila kuonekana ninamsema mama yangu.

Wazazi wangu wanaishi Molo. Asili yetu ni Vihiga, lakini baba alifanya kazi ya reli, miaka mingi akiwa Kisumu, na mimi kifungua mimba nilizaliwa huko huko. Alipostaafu walihamia Molo kwenye ekari mbili na nusu alizokuwa amenunua kidogo kidogo. Wanalima viazi na njegere, wana ng'ombe watatu. Anayeijua Molo anajua baridi yake. Mwezi wa saba unaamka unakuta umande umeganda juu ya nyasi, mweupe kama chumvi.

Baba sasa ana miaka 76 na mama 71. Baba ana baridi yabisi kwenye magoti na vidole, na pia anameza dawa za presha. Daktari alimwambia ajikinge na baridi. Basi kaka yangu anayenifuata, ambaye yuko Marekani, akajitolea kuwalipia nyumba Kisumu, mtaa wa Migosi. Kila mwaka wanashuka katikati ya Juni na kupanda tena mwisho wa Agosti. Kodi inalipwa mwaka mzima ili nyumba isichukuliwe, na hilo nalo limeleta maneno, kwa sababu kitinda mimba wetu ndiye anayebaki Molo akikamua ng'ombe kwenye baridi na hakuna anayemlipia chochote.

Mwaka wa kwanza sikwenda. Mwaka jana nikasema watoto hawawezi kumaliza likizo bila kuwaona babu na nyanya. Likizo zote za Agosti tangu wazaliwe wamezimaliza Molo. Nikawachukua watatu wangu na wawili wa dada yangu, tukapanda matatu. Mume wangu hakuja. Tulipanga kukaa siku kumi.

Nyumba ni ya vyumba viwili vya kulala. Mimi nililala chumba cha pili na msichana wangu, watoto wengine wakalala sebuleni kwenye magodoro. Maji ya bomba hayaji kila siku katika ploti ile, na siku ya pili tangi likaisha. Tukaanza kununua kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na watoto watano wanavyooga unajua mwenyewe. Kila alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, nilimsikia mama nyuma ya nyumba akifua mashuka. Nikitoka ninakuta godoro limeegemezwa ukutani likingoja jua. Siku ya tatu nilimwambia, mama, acha nifue mimi. Akanijibu kwa ukali nirudi nikalale. Niliona kabisa kwamba tumemchosha.

Baba naye hakuwa yule ninayemjua. Alikaa barazani tu. Tulipotaka kwenda Dunga kula samaki alikataa, akasema twende wenyewe. Nilimpelekea chai ya saa kumi na mbili jioni akairudisha, akasema siku hizi hanywi chai usiku. Huyu ni mtu aliyekuwa akimaliza birika peke yake pale Molo huku akituhadithia habari za garimoshi.

Lakini mama nilimwona na majirani. Ana kikundi cha akina mama wa kanisa, wanakuja jioni wanakaa kwenye ngazi, na anacheka mpaka anajishika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka hivyo na sisi.

Siku ya nne mtoto wa dada yangu alimwaga sufuria ya maharagwe. Mama akaketi kwenye stuli, akasema polepole, hata hakupaza sauti: "Nilishuka huku nipumzike. Sikushuka kufungua hoteli." Kesho yake asubuhi nikafunga mizigo. Baba hakutusindikiza steji. Tangu niolewe hajawahi kuniacha niende steji peke yangu.

Siku kumi baada ya kurudi Nakuru, mtoto wangu wa pili akashikwa na homa. Tukampa dawa za mafua siku mbili nzima, kumbe ni malaria. Alilazwa. Mume wangu akasema watoto wake hawatarudi Kisumu.

Sasa wiki jana mama amepiga simu. Amesema: "Njooni siku tatu. Wewe, mume wako na watoto wenu tu. Lakini mtafute mahali pa kulala, hapa msilale." Halafu akaanza kuniuliza bei ya viazi Nakuru kana kwamba hajasema kitu.

Mshauri, nilikata simu nikalia. Mume wangu anasema yeye kulala gesti si tatizo, kwao Bungoma mkwe halali nyumba moja na mama mkwe. Lakini binti wa kuzaliwa na wajukuu walale gesti na wazazi wapo mji huo huo? Anauliza watu watasema nini. Nimepiga hesabu: vyumba viwili, siku tatu, ni pesa ambayo ingenunua sare na viatu vya muhula wa tatu. Dada yangu anasema nisiende, mama aone uzito wa maneno yake. Kaka wa Marekani ameandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba wazazi wana haki ya kupumzika na tusiwasumbue. Ni rahisi kwake, yeye hajawaona miaka sita.

Molo hakuna aliyewahi kuniuliza nimekuja lini na naondoka lini. Leo ninahisi nimefukuzwa nyumbani kwetu na mama yangu mwenyewe. Niende kwa masharti haya, au nikae Nakuru ningoje Desemba watakapokuwa wamepanda?

Binti wa Molo, Nakuru


JIBU

Binti wa Molo, dada yangu,

Pole. Umelibeba neno la hoteli mwaka mzima, ukakaa na mtoto mgonjwa hospitalini huku ukijilaumu, na sasa umeongezewa la gesti. Yeyote aliyelelewa kwenye boma ambalo mgeni hakaribishwi kwa sababu tayari yuko kwake, angelia kama ulivyolia.

Kwa ninavyokuelewa, swali lako lina tabaka mbili. La juu ni la safari: uende siku tatu ulale nje, au usiende. La chini ndilo linalokutoa machozi: je, mama bado ananitaka? La kwanza tutalijadili. Hilo la pili silijibu mimi, analijibu mama. Ila nadhani barua yako imebeba mengi kuliko ulivyoona wakati wa kuiandika, na ningependa tuisome pamoja tena.

Nianze na godoro.

Umeandika kwamba watoto walilala sebuleni, wewe na binti yako mkalala chumba cha pili. Umeandika kwamba mama alikuwa akifua mashuka alfajiri, kila siku, na kwamba ulikuta godoro limeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba. Ukahitimisha kwamba mmemchosha. Lakini dada, mashuka yale yalikuwa ya nani? Magodoro ya watoto bila shaka ulikuwa ukiyakunja wewe. Na mwanamke wa miaka 71, mwenye shida ya maji, hafui mashuka saa kumi na moja kasorobo kila siku eti kwa sababu ana wageni. Anafua saa hiyo kwa sababu hataki mtu aone.

Sasa weka kando ya hilo yale mengine uliyoyasema ukipita tu. Baba hanywi chai jioni. Baba hataki kwenda Dunga, mahali ambapo choo si cha hatua mbili. Baba hatoki barazani, hafiki hata steji. Mimi si daktari, sijamwona baba yako, na huenda nimekosea kabisa. Lakini mzee anayeacha kunywa chai na kuacha kwenda mbali, na mke wake anafua usiku, mara nyingi ni mzee anayeshindwa kuzuia mkojo na nyumba nzima inamfichia siri. Kwa wanaume wa umri wake tezi dume hukua na kubana njia ya mkojo. Baadhi ya dawa za presha nazo humfanya mtu aende msalani mara kwa mara. Hata baridi yenyewe huongeza haja ndogo, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba safari za Kisumu zina sababu zaidi ya ile ya magoti mliyoambiwa.

Kama ni hivyo, soma tena jibu la mama kwako alfajiri ile: "Rudi ukalale." Uliona ukali. Inawezekana ilikuwa hofu. Binti alikuwa anakaribia kuishika shuka ya baba yake, na kwa mila zetu hilo si jambo dogo, kwa baba wala kwa binti. Hata hili la kulala nje linaweza kusomeka vingine. "Hapa msilale" inaweza kuwa na maana kwamba usiku wa nyumba hii si wa kuonwa na watu.

Sisemi hivyo ili uone aibu. Wewe ulikuwa na watoto watano, tangi tupu na moyo uliojaa hamu ya nyumbani. Nani angeona?

Lakini tuseme nimekosea, godoro lilikuwa na kunguni tu, na baba amechoka kwa uzee wa kawaida. Bado kuna jambo la Molo na Kisumu ambalo ningependa ulitazame.

Molo mama ana shamba. Wageni watano wakija, unachimbwa mstari mmoja zaidi wa viazi, maziwa yapo, kuni zipo, kitinda mimba yupo, jirani anatuma binti yake kusaidia kuosha vyombo. Kukirimu pale hakuhesabiki kwa shilingi. Migosi mama ananunua nyanya nne kwa mafungu, ananunua mtungi wa maji, anapika kwenye jiko la vichomeo viwili. Kila sahani inatoka kwenye pochi, na pochi yenyewe inajazwa na mtoto aliye ng'ambo. Mama yule yule, moyo ule ule, lakini mikono haina kitu cha kushika. Wako akina mama ambao wangekopa ili mgeni asione upungufu. Wako ambao husema wazi kwamba hawawezi, na kusema hivyo kunawauma zaidi ya anavyoumia aliyeambiwa. Unamjua mama yako, angalia ni yupi kati ya hao.

Na kicheko chake kwenye ngazi? Hapo ndipo barua yako iliponigusa zaidi, kwa sababu uliliandika kama mtu anayeungama. Dada, wivu huo ni wa kibinadamu, usiuonee haya. Ila fikiria alikoanzia huyu mama. Alikuja Kisumu akiwa mke kijana wa mfanyakazi wa reli, akakuzaa wewe huko, na mji ule wenyewe ulikuzwa na reli hiyo tangu ilipofika ziwani mwaka 1901. Kisha akapanda Molo, kutoka mita 1,130 hivi za Kisumu hadi karibu 2,500, akaishi huko miongo yote hiyo akiwa mke wa shamba, mama wa watu, mpishi wa kila Agosti na kila Krismasi. Sasa anashuka miezi miwili na nusu, anavua sweta, anaketi kwenye ngazi na wanawake ambao hawamdai chochote. Kama kuna shida ya baba inayomwamsha alfajiri, ile saa moja ya jioni huenda ndiyo saa yake pekee ya kupumua kwa siku nzima. Hacheki hivyo na ninyi labda kwa sababu mkiwepo yuko kazini.

Kuhusu mume wako. Mwaka jana hakuja, na nadhani sababu ni ile ile ya heshima ya ukwe. Molo bila shaka alikuwa akipewa mahali pa kulala nje ya nyumba ya mama, kwa mdogo wako au kwenye nyumba ndogo ya boma, na hakuna aliyesema amefukuzwa. Migosi hakuna nyumba ndogo. Sasa mwaka huu mama amemtaja, "wewe, mume wako na watoto wenu", halafu akasema mtafute pa kulala. Inawezekana sana kwamba anamwita mkwe wake kwa njia pekee inayowezekana bila kumvunjia heshima. Hukusema kama mlishawahi kuzungumza naye hivyo. Muulize mume wako pia anaposema "watu watasema nini" ana maana ya watu gani. Wa Bungoma hawatajua. Majirani wa Migosi hawakujui. Kama watu hao ni yeye mwenyewe anayeona uchungu kwa niaba yako, basi ni mume mwema, na ajue kwamba umemwelewa.

Hofu yake ya malaria, hata hivyo, ipewe uzito wake kamili. Watoto waliokulia Nakuru na kuzoea Molo miili yao haijazoea malaria ya kanda ya ziwa, kwa hiyo inaweza kuwashika vibaya na haraka. Mkienda, hakikisheni kila anayelala amelala ndani ya neti iliyotiwa dawa, na kama ni gesti ulizeni neti kabla ya kulipa. Wengine hubeba zao kwenye mkoba. Jioni watoto wavae mikono mirefu. Na mkisharudi, vimelea hukaa mwilini kimyakimya wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kutokea. Mtoto akichemka mwezi huo, msianze na dawa za mafua. Mpelekeni siku hiyo hiyo akapimwe, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe "tulikuwa Kisumu". Ulivyofanya mwaka jana ndivyo angefanya mzazi yeyote wa Nakuru, hivyo jisamehe. Na wazazi wako nao ni watu wa Molo. Je, wana neti?

Sasa njia zenyewe.

Unaweza kwenda kama alivyosema: siku tatu, mlale nje, mchana muwe kwake. Faida ni kwamba unamwonyesha umesikia, na mume wako anapata kumsalimu mama mkwe kwa heshima. Gharama ni ya kweli, umeihesabu mwenyewe, na sitakwambia kwamba viatu vya shule si kitu. Chumba kimoja kikubwa badala ya viwili, usiku mbili badala ya tatu, au kaka wa ng'ambo kuombwa achangie gesti badala ya kuchangia ushauri, yote hayo yanajadilika. Mkifanya hivyo, nendeni na chakula. Nusu gunia la viazi kutoka kwa mdogo wako Molo, kabichi, maziwa ya mgando, na sufuria yako kubwa. Mama asisimame jikoni. Hatari iliyopo ni kwamba ukienda na kinyongo moyoni, siku tatu hizo zitakuwa za watu wanaotazama saa, na watoto watahisi.

Unaweza pia kutangulia peke yako, bila watoto, Jumamosi kwenda na Jumapili kurudi. Kutoka Nakuru ni kilomita 180 na kitu, ukiondoka alfajiri na mapema unafika chakula cha mchana. (Safiri mchana, tafadhali. Ile ajali ya makutano ya Londiani, Juni 2023, iliyoua zaidi ya watu 50, bado iko kwenye akili za wazazi wetu wote wenye watoto wanaopita njia ile.) Ukiwa peke yako, mama anaweza kukuambia asiyoweza kusema mbele ya mkwe na wajukuu. Lakini ujue kwamba anaweza pia kuona umekuja kumkagua, hasa kama ulikuwa umeshaanza kuuliza maswali kwenye simu. Ukiichagua njia hii, uwe na shughuli ya kweli ya kukupeleka, hata kama ni kununua vitambaa.

Au ungoje Desemba. Mvua za vuli zikiwa zimepungua, jua la Molo ni zuri, boma lina nafasi, watoto watakimbia kwenye njegere na hakuna atakayekuuliza unaondoka lini. Watu wengi wangechagua hivyo na nisingewalaumu. Ninachohofia ni mambo mawili. Kwanza, ukinyamaza Agosti, mama atausoma ukimya huo kama wewe ulivyoisoma simu yake, na kufikia Desemba kila mmoja atakuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu mwenzake. Pili, kama nilichokisoma kwenye godoro ni kweli, hicho hakipaswi kungoja Desemba. Shida ya mkojo kwa mzee mara nyingi ina tiba. Isipotibiwa huleta maambukizi, na tezi dume ikibana sana mkojo unaweza kuziba kabisa, na hapo ni dharura. Kisumu wako karibu na hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, fursa ambayo Molo hawana kwa ukaribu huo. Kujua kama wamesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango imelipwa ni jambo ambalo mtoto anaweza kuuliza bila kumgusa mtu aibu yake.

Njia ya dada yako, ya kumsusia mama ili aone uzito wa maneno yake, sitaipinga kwa maneno mengi. Jiulize tu mama wa miaka 71 akishauona uzito huo, ninyi mtakuwa mmepata nini.

Kabla ya yote, mpigie kaka yako simu. Si kwenye WhatsApp mbele ya wote, mpigie yeye peke yake. Anayelipa kodi ya mwaka mzima kwa nyumba ya miezi miwili na nusu, na kusema kwa mkato "msiwasumbue", huenda ameambiwa jambo akaapishwa asiseme. Huenda pia hajui chochote na ni mwana aliye mbali anayejaribu kuwa mwema kwa pesa kwa sababu ndicho kitu pekee alicho nacho cha kutuma. Miaka sita bila kuwaona wazazi si raha, dada, hata kama kwenye kikundi anaongea kama bosi. Usimuulize kuhusu godoro. Muulize, "Wewe baba akikupigia, anasikikaje?" Na huyo mdogo wenu aliye kwenye baridi ya Molo na gambuti zake, mtu amkumbuke na yeye. Mengi ya maneno ya nyumbani kwenu yataisha siku mtakapomlipa.

Hayo yote ni yako kuyapima, na mume wako. Unaweza kuona kitu ambacho mimi kwa mbali siwezi, kwa sababu unaijua sauti ya mama yako na mimi nimeisoma tu kwenye karatasi. Wanandoa waliofikisha umri huo wana makubaliano yao ambayo watoto hawakuwahi kuonyeshwa, na huenda mama amekatazwa na baba mwenyewe asiseme neno. Ukibahatika kuona, ona kama mtu mzima. Usiseme mbele ya watoto, usimwambie dada yako siku hiyo hiyo, na baba asijue kwamba umejua mpaka mama akuruhusu.

Kama utampigia, chagua saa nne asubuhi. Kufua kumekwisha, baba amepata jua lake barazani, akina mama wa kanisa hawajafika. Mwache amalize bei ya viazi, maana nadhani aliiuliza kwa kukosa namna ya kuendelea kuongea na wewe. Kisha mwambie kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Mama, nimesikia uliyosema kuhusu kulala. Sina neno. Ila mwaka jana nilikuacha unafua peke yako alfajiri na hilo limenikaa rohoni. Nikija, nataka asubuhi moja nije mapema, kabla watoto hawajaamka, nikae na wewe tu."

Halafu nyamaza. Hata kama salio linakwisha, nyamaza, umsubiri aongee yeye.